Kwani Nairobi maji yanapwa?

Baba yangu ni mvuvi wa Takaungu, na tangu nimwambie kwamba nimekuja Nairobi kusomea mawimbi hajaacha kunicheka. "Bahari tumeiacha huku, mwanangu, wewe umekwenda kuitafuta mlimani?" Simlaumu. Kutoka kwetu hadi hapa ni zaidi ya kilomita mia tano za barabara, tena za kupanda, maana jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Bahari yangu mimi ina urefu wa mita nane na upana wa sentimita 30, na hujazwa kwa bomba siku ambazo mgao wa maji umetufikia.

Leo nataka kuandika jinsi nilivyotumia wiki sita kupima kitu ambacho hakikuwepo. Aliyeniambia mapema ni baba, na nilimcheka.

Nianze na bahari yenyewe. Ni mfereji wa kioo nilioukuta maabara, umeachwa na wanafunzi walionitangulia, fremu yake ya chuma imeshika kutu miguuni. Upande mmoja kuna kibao kinachosukuma maji mbele na nyuma. Upande wa pili sakafu inapanda polepole: ukienda sentimita 15 kuelekea "ufukweni", kina kinapungua sentimita moja. Mota ya kusukuma kibao ni ya waipa za matatu, niliinunua Kirinyaga Road kwa bei ambayo siitaji hapa kwa sababu nilipunjwa. Kwenye sehemu iliyo sawa maji yana kina cha sentimita 25.

Mota ikizunguka mara moja kila sekunde 1.2, napata mawimbi mafupi yanayovunjika kwa upole, povu linateremka usoni mwa wimbi kama maziwa yanayofurika sufuriani. Nikiipunguza mwendo hadi sekunde mbili, mambo yanabadilika. Wimbi linanyanyuka, uso wake wa mbele unasimama wima, kisha mdomo unajikunja na kupiga maji yaliyo mbele yake. Urefu wa kwenda juu wa mawimbi yote mawili ni ule ule, sentimita saba yakiwa bado hayajafika mteremkoni. Kinachoamua ni mteremko wa sakafu ukilinganishwa na ukali wa wimbi, na kuna namba ya kueleza hilo yenye jina la mhandisi wa Kihispania, Iribarren. Unachukua mteremko, unaugawa kwa kipeuo cha pili cha urefu wa wimbi wa kwenda juu ukigawanywa kwa urefu wake wa kwenda mbele kwenye kina kirefu. Ikiwa chini ya 0.5 wimbi humwagika, ikizidi hapo hujikunja. Yangu ya sekunde 1.2 inatoa 0.38, ya sekunde mbili inatoa 0.63. Nilipoona namba hizo zinatii kwenye mfereji wenye mota ya waipa, nilicheza peke yangu kati ya meza.

Mtu akiniuliza faida ya vimawimbi visivyofika hata shibiri, namwambia azidishe kwa 25. Wimbi linalofika sentimita nane likipanda mteremko linakuwa la mita mbili. Muda haukuzwi kwa 25, unakuzwa kwa kipeuo chake, yaani mara tano, basi sekunde zangu mbili zinakuwa sekunde kumi. Wimbi la mita mbili linalokuja kila sekunde kumi ni lile linalopiga mwamba wetu wakati wa kusi. Baba alilielewa hili haraka kuliko wenzangu wa darasani. Aliuliza swali moja tu: "Na povu nalo umelikuza mara ishirini na tano?" Nitalirudia swali hilo.

Kupima mwendo wa maji si rahisi kwa sababu maji hayaonekani yakienda. Unachoona ni umbo la wimbi, na umbo linakimbia kuliko maji yenyewe. Njia tuliyotumia ni ya kutia chembe ndogo majini, kuzimulika kwa karatasi nyembamba ya mwanga wa leza, kuzipiga picha mfululizo, kisha kuachia programu itafute kila kikundi cha chembe kimehamia wapi kati ya picha moja na inayofuata. Wazo ni la zamani. Ludwig Prandtl kule Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa akitia vumbi la mika juu ya maji ili aone yanavyopita kwenye vizuizi. Sisi tumeongeza leza na kompyuta.

Chembe zenyewe zilinitoa jasho. Wa kwanza kujaribu ulikuwa unga wa ugali, asinicheke mtu. Ulishikana madonge, nusu ukazama, na baada ya siku mbili maabara nzima ilinuka busaa. Halafu mtu akanishauri vishanga vya kioo vile vinavyochanganywa na rangi ya barabara ili ing'ae usiku. Vinang'aa kweli, ila kishanga cha sehemu ya kumi ya milimita huzama kama milimita nane kila sekunde, na mimi sikutaka kupima kuzama kwa vishanga. Mwishowe msimamizi wangu, ambaye hapa nitamwita Daktari, akafungua kabati na kutoa kichupa cha vitufe vya kioo vyenye uwazi ndani, kila kimoja kama mikroni kumi, uzito wao ukikaribia wa maji. Hivyo hukaa mahali unapoviweka. Alinipa kichupa kama anayenikabidhi mtoto mchanga.

Leza ni ya kijani. Unapitisha mwali wake kwenye kijiti cha kioo cha duara, kile cha kukorogea, nao unatanuka ukawa pazia jembamba linaloshuka majini kutoka juu. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi meusi na miwani ya rangi ya chungwa hatukuivua, kwa sababu leza ya nguvu ile hata mng'ao wake kwenye kioo unaweza kukupofusha. Mara ya kwanza kuwasha, vumbi lote la mfereji likawa nyota. Niliona chembe zikizunguka chini ya wimbi linalopita, juu duara nono, chini zaidi duara lililobanwa, na sakafuni kabisa ni kwenda na kurudi tu. Nimeyasoma hayo vitabuni miaka mingi. Kuyaona kwa macho ni kitu kingine, na nilisahau kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Kamera ilikuwa simu, picha 240 kwa sekunde. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kunibana. Dirisha la kioo nililolenga lilikuwa la sentimita 40, hivyo kila milimita ilipata pikseli tano kasoro kidogo. Chini ya wimbi, ambako maji huenda sentimita 30 kwa sekunde, chembe huhama pikseli sita kutoka picha hadi picha. Programu inatafuta kwenye viboksi vya pikseli 32, na kanuni ya mafundi wa kazi hii ni kwamba chembe isihame zaidi ya robo ya kiboksi. Sita ni nzuri. Lakini kileleni, wimbi likikaribia kuvunjika, maji yanaanza kwenda kasi sawa na wimbi lenyewe, kama mita 1.4 kwa sekunde, nazo ni pikseli 28. Ncha ya mdomo unaojikunja ni mbaya zaidi: Chang na Liu waliipima maabara na mwaka 1998 wakaandika kwamba maji pale yalifika mara 1.68 ya kasi ya wimbi. Kwangu mimi hapo chembe imeshatoka kwenye kiboksi, na programu, badala ya kukiri kwamba haijui, inakuchorea mshale wowote.

Maabara zenye fedha zina leza inayopiga mara mbili kwa tofauti ya milisekunde moja au chini ya hapo. Sisi tuna simu. Nikaamua ncha niiache kwanza, nipime msukosuko ulio chini yake.

Msukosuko unapatikana hivi. Unavunja mawimbi mengi yanayofanana, unachukua wastani wa mwendo kwa kila hatua ya wimbi, kisha unatazama kila wimbi limepotoka kiasi gani kwenye wastani huo. Kupotoka ndiko msukosuko. Nilifanya mafungu ya mawimbi ishirini ishirini, nikitupa ya mwanzo, nikisubiri dakika kumi kati ya fungu na fungu ili maji yatulie. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana napata mawimbi mia mbili na ushei. Ilikuwa kazi ya kukaa gizani na miwani ya chungwa, nikisikiliza mota ikilalamika. Siku nyingine stima hupotea fungu la kumi na tatu, unaanza upya.

Siku moja nilimtumia baba video mbili kwa WhatsApp, moja ya fungu la kwanza na moja ya la mwisho, nimwonyeshe mtoto wake anavyofanya kazi. Jibu lake lilikuja kwa sauti jioni, nikiwa kwenye matatu namba 58 naenda Buruburu, dereva amefungulia muziki, ikabidi niegeshe simu sikioni. "Mawimbi mazuri. Ila la pili limevunjika mbali. Kwani Nairobi maji yanapwa?"

Nilicheka mpaka jirani yangu wa kiti akanigeukia. Nikamjibu: "Baba, huku hakuna mwezi."

Wiki tatu baadaye nilimpelekea Daktari michoro. Nilikuwa nimeipamba, rangi ya bluu penye utulivu, nyekundu penye msukosuko. Nyekundu ilikuwa nyingi, nikiamini nimepata kitu. Daktari akaitazama, akanywa chai, akaitazama tena, akaweka kidole upande wa kushoto wa picha, kabla ya mahali wimbi linapovunjika.

"Hapa maji yako vipi?"

"Hapa bado ni laini, Daktari. Ni kama kioo."

"Mbona ni mekundu?"

Nikakosa jibu. Maji laini kama kioo hayawezi kuwa na msukosuko nusu ya ule ulio chini ya povu. Akauliza swali la pili, bila ukali: "Kina ulikipima mara ya mwisho lini?"

Nilikuwa nakipima kila asubuhi, mara moja. Tukashuka maabara wote wawili. Kuna kifaa rahisi cha kupimia kina, sindano iliyofungwa kwenye rula ya chuma. Unaishusha taratibu, na ndani ya maji taswira yake inapanda kukutana nayo, na zikigusana ncha kwa ncha unasoma namba. Tulisoma saa tatu na nusu. Tukaenda kunywa chai nyingine. Tulisoma tena saa sita na nusu. Sindano ilishuka milimita sita zaidi kabla ya kukutana na taswira yake.

Milimita sita ni kitu gani? Kwenye mfereji ule ni kama lita 14, dumu la maji likiwa limepungua robo. Yalikuwa yakipenya kwenye kiungo cha silikoni upande wa nyuma, yakiteremka kwa mguu wa fremu, ule wenye kutu, hadi kwenye mtaro wa sakafuni, bila sauti na bila dimbwi. Kutu yenyewe ilikuwa ikitusimulia habari hiyo miaka mingi.

Sasa piga hesabu. Wimbi huvunjika kina kinapokuwa kidogo mno kwake. Kanuni ya zamani, ambayo McCowan aliitoa mwaka 1894, inasema ni pale wimbi linapofika asilimia 78 ya kina, ingawa kwenye mteremko kiwango hicho huyumba. Wimbi langu la sentimita nane hutafuta maji ya sentimita kumi hivi. Maji yakishuka milimita sita kwenye mteremko wa moja kwa 15, mahali penye sentimita kumi panahama sentimita tisa kuelekea kwenye kibao. Sentimita tisa, katika picha ya sentimita 40. Mawimbi ya asubuhi yalikuwa yanavunjika hapa, ya mchana yanavunjika pale, mimi nimeyachanganya yote kwenye sufuria moja, nikachukua wastani, tofauti nikaiita msukosuko.

Maji yalikuwa yanapwa.

Sikumpigia baba siku hiyo. Nilimpigia Jumapili, baada ya salamu na habari za mama na za jarife lililochanwa na miamba, nikamwambia. Hakucheka. Aliuliza tu kwa nini sikuweka alama kwenye kioo, kama wao wanavyotazama mstari wa maji kwenye jiwe kabla ya kutega malema. Sina la kujitetea. Nina leza, nina programu, sina mstari wa kalamu.

Fundi wa vioo alikuja kutoka Kariobangi, akakwangua silikoni ya zamani, akatia mpya, akatuapisha tusiujaze mfereji siku tatu. Tuliujaza siku ya nne. Nimechora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, na sindano naisoma kila fungu. Kitu kingine nilichokiona nilipoanza kuwa mwangalifu ni joto. Maji ya asubuhi yana nyuzi 17, ya mchana yanafika 22. Vipimo vyetu vya urefu wa wimbi ni nyaya mbili zinazopitisha umeme kwenye maji, na maji yakipata joto umeme hupita kwa wepesi zaidi, kama asilimia mbili kwa kila nyuzi. Nyuzi tano ni asilimia kumi, na hakuna wimbi lililokua. Hilo nalo nilikuwa nalimeza kila siku.

Nilipovunja mawimbi upya, wekundu wa upande wa kushoto ukafutika karibu wote. Uliobaki chini ya povu ni mdogo kuliko nilivyojigamba, lakini ni wa kweli. Unafuata hata lile walilolikuta Ting na Kirby mwaka 1994 kwenye mfereji wao wenye kina cha sentimita 40: wimbi la kumwagika hupeleka msukosuko wake nyuma, baharini, na wimbi la kujikunja huupeleka mbele, ufukweni. Mtu anayetaka kujua kwa nini msimu mmoja mchanga unaondoka na msimu mwingine unarudi hawezi kulipita hilo. Wao walikuwa na mwali wa leza unaopima nukta moja kwa wakati, nukta baada ya nukta. Nawaonea huruma na wivu kwa pamoja.

Sasa povu. Hapa ndipo ninapokwama, na hapa ndipo kwenye maneno mengi. Leza ikigusa povu kila kiputo kinakuwa kioo, picha inaungua ikawa nyeupe tupu. Chembe zangu ziko mle ndani lakini huzioni. Kuna chembe zilizotiwa rangi inayomeza kijani na kurudisha chungwa, unaweka kichujio mbele ya kamera kinachozuia kijani, povu linazimika zenyewe zinabaki. Bei yake niliiuliza mara moja tu. Njia ya pili ni kuacha kupigana na viputo na kuvifanya ndivyo chembe. Unazima leza, unaweka taa nyuma ya mfereji, povu linakuwa kivuli chenye madoa, na programu inafuata madoa. Ryu, Chang na Lim waliieleza mwaka 2005.

Nilinunua taa ya LED pale Luthuli Avenue, ile bapa ya kumulika vibanda, nikaifunika kwa karatasi ya kuchorea ramani ili mwanga usambae. Picha ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya pili nyeupe, ya tatu kijivu, nyeusi, nyeupe. Stima yetu ni ya mizunguko 50, taa ya bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na simu inayopiga picha 240 inaona kila kupepesa. Sasa taa inakula betri ya gari, na haipepesi tena. Faida ya ziada ni kwamba stima ikipotea mimi naendelea.

Lakini kiputo si maji. Kiputo cha milimita chache hupanda kama sentimita 20 au zaidi kwa sekunde, hata maji yakiwa yametulia, kwa hiyo kila mshale wangu wa kwenda juu una uongo ndani yake ambao lazima niutoe. Na ndiyo maana swali la baba halikuniacha. Povu langu halikukuzwa. Ngozi ya maji haijui kama mimi nimepunguza bahari mara 25, viputo vinabaki na ukubwa wao. Tena maji yangu ni ya bomba. Wiki iliyopita nilichukua chupa mbili za lita tano, moja maji matupu, nyingine nimetia gramu 175 za chumvi ya dukani, chumvi kama ya bahari. Nikazitikisa pamoja, moja kila mkono. Ya maji matupu ilitoa viputo vikubwa vilivyopanda vikapasuka, ikawa safi mara moja. Ya chumvi iligeuka maziwa. Viputo vidogo mno, visivyoungana, vikipanda polepole kama havina haraka na dunia. Nilihesabu hadi kumi na bado kulikuwa na ukungu.

Daktari hataki chumvi kwenye mfereji, fremu ile haitamaliza mwezi. Nimemwomba ruhusa ya tangi dogo la plastiki pembeni. Amesema atafikiria, na akisema hivyo huwa ni ndiyo inayochelewa. Kwa sasa nimefika fungu la tisa la leo, mota imepoa, mstari wa kalamu na maji viko sawa. Baba nimemtumia video mbili tena, ya asubuhi na ya sasa hivi. Ametazama, alama mbili za bluu zimetokea. Bado hajajibu.